Dobi Aliyefua Bendera ya Angani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka dobi wa ofisi ya itifaki, Bwana Pasi. Miaka thelathini na mmoja alinyoosha bendera za taifa. Dobi, wasikilizaji, si balozi. Lakini nusura atugombanishe na nchi nzima.

Ilikuwa hivi. Bendera yetu ndogo, saizi ya leso, ilichukuliwa na nchi rafiki ikaenda nayo angani. Ikazunguka dunia, ikaletwa zawadi. Mwanaanga mwenyewe angeikabidhi saa kumi. Asubuhi ikatangulizwa ofisini, Pasi akapewa ainyooshe mikunjo. Anyooshe tu! Yeye akaona doa la wino pembeni. Dobi na doa hawakai chumba kimoja. Akasugua kwa ndimu na chumvi mpaka likakata roho.

Doa lile, wasikilizaji, lilikuwa saini ya mwanaanga.

Mkuu wa itifaki alikaa sakafuni na suti yake. "Mzee, umefua saini!"

"Mkubwa, ningejuaje? Imeandikwa kama kuku kapita."

"Wakigundua, kazi huna. Na nyumba ya kazi unahama leo leo!"

Mjane wake anasimulia: "Alinipigia simu akasema, mama watoto, fungasha, nimefukuzwa kwa kosa la mbinguni. Nikamwuliza, umekufa?"

Saa kumi ilipofika, Pasi akaingia ukumbini bila kuitwa, na ndara miguuni, moja kwa moja hadi kwa mwanaanga.

"Mwanangu, jina lako nimelifua mimi. Hawa wakubwa usiwalaumu."

Mwanaanga akaigeuza bendera, akainusa, akacheka hadi akashika meza.

"Mzee, tuliambiwa wino ule hautoki kamwe! Umetumia nini?"

"Ndimu, chumvi na hasira."

Mwanaanga akaomba kalamu, akasaini upya. Muda wote huo mkuu wa itifaki alikuwa amemshika Pasi mikono yote miwili, na hakumwachia mpaka wino ukauke.

Kazi ikabaki. Nyumba ile waliiacha siku ya kustaafu, kwa hiari yao, na mapazia yamepigwa pasi.

Mama watoto, na mabinti zake watatu, poleni sana. Nasi tuliobaki tutafakari: kwenda angani wamekwenda wengi. Ila kuvuka ukumbi uliojaa wakubwa, na ndara, ukalitaja kosa lako mwenyewe? Safari hiyo, wasikilizaji, mimi bado sijaiweza.