Ikupa Mwakalinga, Aliyenyatia Ayala Mvuani

Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa mtaa wetu wa St Marys na marafiki mliotoka mbali, kwa kawaida historia hii ya marehemu husomwa na msemaji wa familia, na shemeji yangu Kassian alikuwa tayari kuisoma, lakini nimemwomba anipishe, kwa sababu kuna sehemu moja ambayo si haki mtu mwingine aisome kwa niaba yangu.

Ikupa Mwakalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Masoko, wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mwalimu Anyelwisye Mwakalinga na Mama Tusajigwe, ambao wote wametangulia. Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na nguruwe pori walizoea kuingia kwenye mahindi mvua inapopiga, wakati wenye mashamba wako ndani wanaota moto. Mwalimu hakuwa na mtoto wa kiume hadi mwaka 1988, hivyo alitoka na binti yake kuwawinda, akamfundisha kupita kwenye matope bila kusikika, na majirani walicheka sana, wakisema mwalimu anamharibia bahati ya kuolewa.

Alisoma Shule ya Msingi Masoko kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, sekondari akasoma Loleza, Mbeya, hadi mwaka 2000, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, alikohitimu shahada ya usimamizi wa wanyamapori mwaka 2004. Nilikuwa nikisoma uhandisi wa kilimo chuoni hapo, na maneno yangu ya kwanza kwake yalikuwa ya kuomba radhi, kwa kuwa nilikuwa nimekatiza kichakani na kuwarusha ndege aliokuwa akiwahesabu tangu asubuhi.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 28 Januari 2006, katika Kanisa la Moravian, Tukuyu, na tulijaliwa watoto wawili, Raheli, aliyezaliwa Morogoro tarehe 3 Juni 2008, na Sunday, aliyezaliwa hapa Penrith tarehe 19 Agosti 2012.

Tulifika Sydney, hapa Australia, tarehe 9 Februari 2010, yeye akija kusomea shahada ya uzamili, ambayo aliimaliza mwaka uliofuata. Baada ya hapo, ukiondoa miezi ya uzazi, alifunga maboksi kwenye ghala moja Ingleburn hadi mwanzoni mwa mwaka 2014, kwa sababu kila ofisi aliyoomba kazi ilimtaka awe na uzoefu wa nchi hii, na kila mahali pa kupatia uzoefu huo palimtaka awe nao kwanza. Nilimwandikia barua za maombi thelathini na nane, na bado ninazo nakala. Tarehe 3 Machi 2014 aliajiriwa na ofisi ya serikali inayoshughulika na wanyama waharibifu, akapangiwa ayala, mnyama ambaye wengi wetu tulikuwa tukimsikia kanisani tu, lakini huku aliletwa na walowezi kwa ajili ya kuwindwa, akazaliana hadi sasa anamaliza malisho na miche ya wakulima.

Wenzake walipenda kuwinda siku za jua, Ikupa akapenda mvua. Alinieleza mara nyingi, nami nilichelewa kuelewa, kwamba majani yakilowa hayalii chini ya mguu, kwamba sauti ya mvua inameza sauti ya mtu, na kwamba mvua inapoanza kupungua ayala hutoka mafichoni kujikung'uta na kula, na hiyo nusu saa ndiyo siku nzima ya mwindaji, mradi upepo uwe usoni pake na asiwe na watu nyuma yake. Mnyatiaji ni mmoja, wakizidi sana wawili.

Kuanzia mwaka 2021 alimfuatilia dume mmoja mwenye pembe pana kama viganja, ya kushoto imevunjika, katika shamba la mfanyakazi mwenzake, Bwana Glenn, nje ya mji wa Oberon. Alimkosa mara tano. Mara mbili upepo uligeuka, mara mbili darubini ya bunduki ilijaa ukungu, na mara moja ilikuwa mimi, kwani nilifua koti lake la mvua kwa sabuni yenye manukato nikidhani namfanyia wema, na dume lile lilimnusa kabla hajamwona. Alirudi nyumbani amelowa hadi mifupani, akanitania siku tatu nzima kuwa nimewatumia ayala salamu.

Tarehe 11 Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa tayari imefika kwenye ini. Nilishauriwa sehemu hii niiandike kwa mstari mmoja, kwamba aliugua kwa muda mfupi, lakini zilikuwa siku mia moja ishirini na sita, na katika siku hizo alitaka jambo moja tu. Alitaka mvua, siku moja, na dume lile. Kwa kuwa alikuwa kwenye dawa kali za maumivu hakutaka kushika bunduki, wakakubaliana na Bwana Glenn kwamba yeye ataongoza kunyatia na Glenn atapiga akimpa ishara. Utabiri wa hali ya hewa uliahidi mvua Jumamosi, tarehe 24 Mei.

Alhamisi niliandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ya Waafrika Mashariki nikiomba maombi kwa ajili ya safari hiyo, na niliandika hadi saa ya kuondoka. Jumamosi asubuhi tulikuta mbele ya nyumba magari mawili na van ya Bwana Mwiti, watu kumi na mmoja, mablanketi, chupa za chai, chapati, miavuli na kiti cha plastiki. Mama Miriam Chepngetich, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ni muuguzi, alisema kwao mgonjwa haachwi aende porini na watu wawili, na Bwana Mwiti akaongeza kwamba hata yeye anataka kumwona huyo ayala anayemsumbua shemeji. Ikupa alinitazama. Nilijua maana ya kutazamwa vile, na nikasema karibuni, asanteni sana.

Shambani niliwaomba wabaki kwenye banda la kukatia manyoya ya kondoo, wakakubali. Sisi watatu tulitembea mita mia nne kwa saa moja na dakika kumi, kwa kuwa alikuwa akipumzika kila baada ya hatua chache. Saa tano na dakika ishirini mvua ilianza kupungua, Ikupa akalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa, Glenn ubavuni pake, na dume lenye pembe iliyovunjika likatoka kwenye miti, mita tisini, upepo ukiwa usoni petu. Ikupa alikuwa anasubiri ligeuze ubavu. Wakati huo Mama Miriam, aliyekuwa ametoka bandani kutuletea kiti maana mvua imekatika, alimwona mgonjwa wake yuko chini, kwenye maji, hatikisiki.

"Mama Raheli ameanguka!"

Wote walikuja mbio, Bwana Mwiti akifungua mwavuli huku anakimbia. Dume halikuonekana tena.

Ikupa hakumkaripia mtu. Alikaa kwenye kiti, akafunikwa mablanketi mawili, akala nusu chapati, akamsifia aliyeipika. Tulipofika kwenye gari aliniambia kwa sauti ndogo, "Baba Raheli, ungewaambia tu."

Mvua iliendelea siku chache, lakini miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kutoka tena. Alifariki hospitalini Penrith, Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa tisa na robo alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mimi na watoto tukiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa pande zote mbili za uzio waliowalisha watoto wetu, wafanyakazi wenzake, hasa Bwana Glenn, na Mama Miriam, aliyekuja kumwogesha kila siku akitoka zamu, hadi mwisho. Mama Miriam, wewe ulifanya kazi yako. Aliyekuwa na la kusema siku ile ni mimi.

Nimeona ratiba ya matanga iliyoandaliwa, ya kulala nyumbani kwetu kwa zamu siku saba. Najua imetoka katika upendo, na nimejaribu kuikubali, lakini nyumba ile haijapata saa moja ya kimya tangu Februari. Baada ya chakula leo, naomba mimi, Raheli na Sunday turudi nyumbani sisi watatu, na mtu yeyote asije hadi Jumapili ya wiki ijayo. Chai na chapati msituletee. Ninalisema hili mbele yenu wote, nikiwa na akili zangu, na anayeona nimemkosea adabu anisamehe.

Ikupa, mke wangu, lala kwa amani.