Neno Lililopigiwa Makofi

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na kila alasiri lilibeba watu wale wale. Siku hiyo Ticha, mwalimu wa lugha wa darasa la nne, alifika mapema kuliko kawaida, akapokea kahawa yake, akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Kinyozi, ambaye hakuwa na mteja, alimtupia jicho mara moja tu akajua kuna jambo.

— Ticha, mbona umepooza hivyo? Nani kakuudhi?

— Mkuu wa shule kazichukua kadi zangu. Kazifungia kabatini. Michezo ya maneno basi tena.

Sheria, tarishi mstaafu wa mahakama, akakohoa kama anayefungua kesi.

— Kafanya la maana. Sisi tulikariri bwana. Maneno ishirini kwa siku, ukikosa unapiga magoti. Nani alicheza?

— Ndiyo maana hata barua ya uchumba uliandikiwa, Kinyozi akamkata.

— Cheka tu. Neno likichezewa linachoka. Leo mtu anaapa mbele ya hakimu wala hatetemeki. Unadhani kwa nini? Viapo wameshavichezea tangu shuleni!

— Hebu nitokee hapa! Mimi nashika vichwa kila siku. Cha mtoto anayecheza maneno kimetanuka huku kisogoni. Napitisha mashine, naona kabisa.

— Basi wapimwe kwa futi, wapewe vyeti, mitihani ifutwe!

Siku nyingine Ticha angecheka mpaka kahawa imwagike.

— Ngojeni niwaeleze, akasema. — Mchezo wenyewe mdogo tu. Mtoto anachota kadi, anaeleza neno bila kulitaja, wenzake wanabahatisha. Sasa kuna binti mmoja, tangu mama yake azikwe hajafungua kinywa darasani. Miezi minne. Zamu yake ikifika anairudisha kadi, nami simlazimishi. Jana akachota, akaitazama weee, kisha akasema: “Ilikuwa inaimba jikoni. Siku hizi baba haiwashi.”

Kinyozi akaacha kufuta mashine yake.

— Mwenzake wa dawati moja akamwambia polepole, “Redio.” Akaitikia, “Ndiyo.” Basi watoto walilipuka! Makofi, vigelegele, wengine juu ya madawati. Kumbe mkaguzi yuko ofisini kwa mkuu. Leo asubuhi naitwa, naambiwa darasa langu limekuwa soko.

— Ukamjibu nini? Sheria akauliza, sauti imeshuka.

Ticha akakizungusha kikombe mikononi. Alikuwa amezipanga kadi vizuri, akazifunga kwa mpira, akamkabidhi mkuu na kushukuru. Hilo ndilo lililokuwa likimla tangu asubuhi: kwamba alishukuru.

Mwanamume mmoja mwenye shati la kazi lililojaa vumbi akavuka barabara na kuja moja kwa moja kwenye benchi. Hawakuwahi kumwona pale.

— Habari zenu, wazee. Mwalimu, nimeambiwa nitakupata hapa. Mimi ni baba yake yule binti wa redio.

— Karibu, ndugu yangu, Ticha akasema, akampisha nafasi. Mgeni hakukaa.

— Jana alinipokea mlangoni anaongea. “Baba, eleza kitu bila kukitaja.” Tulicheza mpaka chakula kikaungua. Leo karudi kimya. Nimembembeleza hata nikachoka, mwisho akachukua daftari akaandika.

Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma taratibu:

— “Kadi zimechukuliwa kwa sababu nilisema.”

Akainua macho.

— Ni kweli, mwalimu?

Kinyozi akageukia kioo chake. Sheria akainama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Ticha akakiweka kikombe chini bila kujitetea. Akanyanyuka.

— Yuko nyumbani saa hizi?

— Yuko.

— Twende.