Aune Rautio, Rubani Asiyependa Maji Yaliyotulia

Tarehe 30 Septemba Aune Rautio atafunga ndege yake gatini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kurusha ndege za maboya, zile zinazotua majini, kutoka ziwa letu hili la kaskazini mwa Ontario. Mhariri wa jarida aliniomba niandike kwa utulivu. Nimejaribu, nimeshindwa. Muda wote huo mimi ndiye niliyekaa kwenye redio ya gati, nikiongea na marubani.

Alianza kwa kupeleka barua, unga na wavuvi kwenye kambi za msituni. Kukaa kitako hakujui. Kahawa huinywa amesimama, na kwenye sauna, bafu la mvuke wa mawe, hutoka kabla mawe hayajapata moto sawasawa. Tulimbandika jina la Mama Mizunguko kwa sababu hatui kabla hajalizunguka ziwa mara mbili. Abiria mmoja aliwahi kumuuliza kama analipwa kwa kila mzunguko.

"Kama una haraka, shuka hapa hapa," Aune alimjibu, wakiwa futi mia nane juu.

Wageni hudhani rubani hufurahia ziwa likitulia. Aune hulichukia. Maji yakilala kama kioo, jicho halijui yako chini kiasi gani, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Anapenda viwimbi, kwa kuwa viwimbi humwonyesha maji yalipo.

Sasa niseme la Jumamosi ya mashindano ya uvuvi, miaka kumi na minane iliyopita, maana nisipolisema leo sitalisema tena. Ziwa lilijaa boti. Aune alikuwa anamleta mvuvi mmoja, Eero Lahti, kutoka kambini, kidole tumbo kimemshika, na gari la wagonjwa lilikuwa likingoja gatini. Nilitazama kwa darubini nikaona njia safi upande wa magharibi, jua likimeta juu yake.

"Aune, njia nyeupe. Shuka."

Akapita juu, akazunguka.

"Dada, shuka basi, mtu anatufia huyo!"

"Kaka, niachie redio kidogo."

Akazunguka tena. Nilimwita mkaidi, na mengine yasiyoandikika kwenye jarida la wafanyakazi. Hatimaye alitua mbali, kwenye matete, akaja akiiendesha ndege taratibu juu ya maji kama boti kwa dakika kumi ambazo kwangu zilikuwa mwaka. Eero alifika hospitali akiwa hai. Bado nilikuwa nimefura.

Baada ya nusu saa binti yangu Kaisa, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alifika gatini na binamu yake wakipiga makasia. Walikuwa wanacheka. Walisema ndege imewapita kichwani mara mbili huko magharibi, kwenye mng'ao wa jua, mpaka kofia ya binamu ikaruka. Ilikuwa njia ile ile niliyoiita nyeupe.

Nilimfuata Aune, nikamuuliza aliwaonaje.

"Sikuwaona," alisema. "Sikuona mtu, na maji yenyewe sikuyaona. Mahali nisipopaona sishuki."

Nilimtilia kahawa, nikarudi kwenye redio. Sikusema asante siku ile wala baadaye. Niliona aibu, nami ni mtu wa kuahirisha mambo. Tangu hapo sijawahi kumwambia rubani yeyote shuka. Huwa nawaambia ninachokiona, kisha nanyamaza.

Aune, wenzako wote wa gatini tunakushukuru, na tunakutakia miaka mingi yenye afya, samaki, na upepo wa kutosha kuyachezesha maji. Mimi binafsi nakushukuru kwa kukataa kunisikiliza. Kaisa ana miaka thelathini na mitatu sasa. Nilimsomea ukurasa huu kabla sijaupeleka kwa mhariri, na ndipo alipojua.