Mguu Uliokatwa Pichani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu wa Bodi, Bwana Okoth, mashehe na mapadri mliokaa safu moja, jambo ambalo picha ya kesho italishangilia, waandishi wenzangu, ndugu zangu mliotoka Mbale alfajiri, nanyi wenyeji wa Jinja mliokuja kwa miguu kutoka Walukuba na kwa bodaboda kutoka Mpumudde, mabibi na mabwana. Mwenye cheo namsalimu kwa cheo chake, na asiye nacho namsalimu mara mbili.

Nitasema Kiswahili. Najua wamo humu wazee ambao wakisikia Kiswahili cha sauti kubwa hutazama kwanza mlango uko upande gani. Siwalaumu. Lugha hii iliwafikia wengi wetu ikiwa imevaa buti za askari. Lakini Mgisu, Msoga, Mhindi na Mjaluo wakikaa ukumbi mmoja, hii ndiyo lugha ambayo sote tunaikosea kwa usawa.

Mimi ni Romano Mugweri. Nimekuwa mhariri wa habari wa gazeti la Mapambazuko kwa miaka ishirini na sita, na leo mnaniaga. Walionitangulia hapa wamenisifu sana. Mmoja amesema nilikuwa kioo cha jamii. Nawaomba mzitilie shaka sifa hizo, kwa sababu shaka ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Niliwashuku polisi, nikawashuku madiwani, nikawashuku hata wafiwa mpaka nione cheti cha kifo. Mtu mmoja tu sikumshuku, naye ndiye anayesema nanyi sasa.

Ndugu zangu wa Mbale, mnaikumbuka siku ile. Ni miaka saba sasa. Mto Nabuyonga uliacha njia yake, ukaingia mjini saa sita mchana, watu wakiwa sokoni, maduka yakiwa wazi. Kesho yake gazeti letu lilitoka na picha moja kubwa ukurasa wa kwanza. Mwanamke yumo majini mpaka kiunoni, ameinama, mgongoni ana furushi kubwa la vitenge, na anaitazama kamera kwa jicho kali. Juu yake tuliandika: MWIZI WA MAFURIKO.

Picha ile aliipiga Ooko, mwenzetu wa Mbale, ambaye sasa ni marehemu na hawezi kujitetea. Basi nitamtetea mimi. Ooko alituma picha na maneno haya: "Mama akitoka majini, Mbale." Neno mwizi halikuwa lake. Lilikuwa langu. Mchana ule tulikuwa tumesikia kwamba watu wanaiba katika maduka yaliyofurika, nami nilihitaji sura ya kuibandikia habari hiyo. Na kwa kuwa tangazo la sabuni lilitaka nafasi yake chini ya ukurasa, niliikata picha chini na ubavuni mpaka ikatosha.

Mwanamke yule ni nani? Anaitwa Nambozo. Alikuwa akifagia na kukunja vitambaa katika duka la Bwana Bhavesh. Katika chumba cha nyuma ya duka alikaa mama yake Bhavesh, ajuza wa miaka themanini na moja ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, maana yake mama kwa Kigujarati. Siku hiyo Bhavesh alikuwa huku Jinja. Maji yalipoingia, Ba hakuweza kusimama. Nambozo alimpandisha mgongoni kama mtoto mchanga, akamfunga kwa kitenge, akamfunika kichwa kwa vingine viwili asipigwe na mvua, akatoka naye barabarani.

Ndani ya furushi lile, mabibi na mabwana, alikuwamo mtu.

Bhavesh alinipigia simu asubuhi ile ile.

"Bwana mhariri, huyo si mwizi. Huyo amembeba mama yangu."

"Mama yako yuko wapi pichani?"

"Yumo ndani ya kitambaa."

Nikamwambia tutafuatilia. Nilipoiweka simu chini niliwaambia waliokuwa chumbani, "Tajiri gani anampigia mhariri simu kumtetea mwizi wake? Hapa kuna jambo." Wote wakaitikia kwa vichwa, maana shaka ya mkubwa huonekana kama busara. Bhavesh alipiga tena mara mbili. Mara ya mwisho niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza.

Sasa niambieni, nani kati yetu alikuwa na haja ya kumshuku mwenzake?

Ba alilazwa wiki nyingi kwa kifua. Bhavesh alifunga duka. Na Nambozo? Mwenye nyumba alimtolea vitu vyake nje. Akipita sokoni, wanawake walimwita "Furushi!" Katika kwaya aliyoimbia tangu usichana wake aliambiwa apumzike kidogo, na kidogo hicho hakikuwa na mwisho. Akaifuata familia ya Bhavesh hapa Jinja, akapanga chumba Walukuba, akamuuguza Ba miaka mitatu, na Ba akafia mikononi mwake. Katika muda wote huo hakuna mwandishi aliyefika mlangoni pake. Tulikuwa tumekwisha kumwandika.

Maji yale yalikaa Mbale siku mbili. Neno langu limekaa miaka saba.

Na halikukaa peke yake. Mwalimu Halimah wa Mpumudde yuko hapa, ameketi karibu na nguzo. Ni mwandishi mzuri kuliko mimi. Alitunga mchezo wa kuigiza juu ya tamaa wakati wa msiba, akauita Furushi, na mhusika wake mkuu alimchota gazetini. Tunapenda kusema fasihi inaona kile ambacho habari haioni. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara hii fasihi ilikuja kunywa kisimani kwetu, nasi tulikuwa tumekwisha kukitia sumu.

Mwezi wa tatu mwaka huu mchezo ule ulionyeshwa katika ukumbi mmoja wa Walukuba. Jirani akamwambia Nambozo, "Twende tukacheke kidogo." Akaenda, hajui anakwenda kuona nini. Akakaa, akamtazama mwanamke jukwaani akiiba vitambaa, akivifunga mgongoni, akizama kwa uzito wa mzigo huo. Ukumbi ukapiga makofi. Hapo Nambozo akasimama.

"Mimi niko hapa," akasema. "Mimi sikuzama."

Watu wakacheka, walidhani ni sehemu ya mchezo. Mwalimu Halimah akapanda jukwaani, akawasimamisha waigizaji.

"Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwizi wako."

Mwalimu, kesho yake uliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Nilikukaribisha kiti, ukakikataa.

"Mzee Mugweri, nataka picha nzima."

"Ya nini?"

"Mimi nimeandika nusu. Nataka kuona nusu nyingine iko kwa nani."

Tukafungua kumbukumbu za marehemu Ooko. Picha nzima ilikuwamo. Chini, ubavuni mwa Nambozo, pale nilipokata, mguu wa mtu ulitokeza katika mkunjo wa kitenge. Mguu mwembamba wa kizee, unyayo umekwajuka kwa maji, na juu yake kikuku cha fedha.

Je, niliuona mguu ule siku ile? Mwalimu aliniuliza, na tangu hapo sijaacha kujiuliza. Nakumbuka tangazo la sabuni. Nakumbuka nilisogeza mstari juu, nikaushusha, nikausogeza tena. Mguu siukumbuki. Lakini nimehoji watu wengi katika kazi hii, na shahidi anayesahau jambo moja tu, tena lile linalomfaa kulisahau, sikuwahi kumwamini. Sioni kwa nini mniamini mimi.

Nilikwenda Walukuba. Nambozo hakunikaribisha ndani.

"Umekuja na kamera?"

"Sikuja nayo, mama."

"Na simu?"

Nikampa. Akailaza dirishani kifudifudi.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Ili uandike nimekusamehe?"

Nikaitazama simu yangu pale dirishani.

"Nikisema ndiyo, kesho kutwa iko gazetini: mama asamehe. Halafu watu watakusifu wewe."

Ndugu zangu, aliniona mpaka ndani. Nikiwa juu ya bodaboda, kabla hata ya kufika kwake, nilikuwa nimekwisha kukipata kichwa cha habari. Nikainama kwa aibu.

"Basi unataka nini, mama?"

"Picha yote. Pale pale mlipoiweka. Kubwa vile vile."

Nikalipeleka ombi lake kwa Bodi. Mwenyekiti, ulinipokea kwa chai na upole, na upole wako hauna mshindani mashariki yote. Uliniambia, "Mugweri, gazeti likianza kuomba radhi kwa jambo la miaka saba iliyopita, nani ataamini la jana?" Ni swali la mtu mwenye akili. Ukapendekeza ukurasa wa kumi na nne, karibu na matangazo ya vifo, picha ya ukubwa wa kiganja. Nikashukuru, nikatoka. Wiki ile ile nikaarifiwa kwamba sherehe yangu ya kustaafu itafanyika miezi mitatu kabla ya wakati wake, na kwamba itakuwa kubwa, yenye maua na viti vya kitambaa cheupe. Nashukuru kwa maua. Mtanisamehe nikisema nimeyatazama kwa makini.

Wapo vijana humu wanaotaka kuandika habari, na wengine wanataka kuandika hadithi. Wataambiwa kwamba jamii ikipata jeraha, kalamu ndiyo itakayoliponya. Wasikubali upesi. Kalamu nayo hujeruhi, tena hujeruhi mtu anayetoka majini, mikono yote miwili imeshika mzigo, hana wa kuizuia. Tunashindana kuusimulia msiba ungali moto, na tunaposema tumemsemea mnyonge, ni wangapi kati yetu walimuuliza jina lake? Nauliza nikijua jibu langu.

Jana nilitia sahihi ukurasa wa kwanza kwa mara yangu ya mwisho. Mliotoka Mbale alfajiri bado hamjaliona gazeti la leo. Mwenyekiti wetu ameliona, maana simu yake imekuwa ikiwaka mezani tangu nilipoanza kusema. Picha iko nzima, pale pale, kubwa vile vile. Tangazo la leo nimelihamishia ukurasa wa kumi na nne. Hakuna aliyenituma, na hakuna wa kuadhibiwa ila mimi, ambaye nimekwisha kustaafu.

Maneno ya chini ya picha hakutakiwa kuyaandika Mugweri. Hilo lilikuwa sharti la pili la Nambozo. Aliyaandika Mwalimu Halimah. Juzi tulikwenda naye Walukuba amsomee kabla hatujachapa. Mimi nilibaki kizingitini. Mwalimu akasoma kwa sauti, akafika mahali alipoandika "shujaa," na Nambozo akainua mkono.

"Hilo liondoe."

"Kwa nini, mama? Ni kweli."

"Mlinifanya mwizi, sasa mnanifanya shujaa. Wakati ule hamkunijua, na leo hamnijui. Andika nilimbeba."

Mwalimu akafuta. Akasoma tena: Nambozo akimbeba Ba.

"Ba si jina," Nambozo akasema. "Kila mwanamke wa kwao mwenye watoto ni Ba. Jina lake hamkuuliza?"

Tulitazamana, mwandishi wa habari na mwandishi wa michezo. Sisi wawili tulikuwa tumemwandika ajuza yule miaka saba, mmoja kwa kumkata na mwingine kwa kutojua kwamba yupo, na hata tulipokuja kutubu hatukuwa tumeuliza. Nambozo akamtajia, herufi kwa herufi, na Mwalimu akaandika.

Nilimwalika Nambozo hapa leo. Hakuja. Alisema atasubiri kwanza aone kama gazeti litatoka kweli. Sikumlaumu. Limetoka, na chini ya picha kuna mstari mmoja: "Nambozo akimbeba Savitaben, Mbale."

Mmenipa masikio yenu mpaka mwisho, hata nyinyi mliotamani ninyamaze mapema. Nawashukuru nyote.