Miezi Ishirini na Sita ya Kiraka

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, mwalimu mkuu wa shule yetu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake.

Kaka yetu, ambaye nyote mlimwita Kiraka, alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, katika nyumba ya matofali nyuma ya kituo cha mafuta, kilomita nne kutoka mpakani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975, baba akafariki, naye akashika jeki ili mimi nisome, na kwa miaka arobaini na sita, ukiacha miezi nitakayoieleza, aliziba pancha za malori kando ya barabara kuu, kwenye jua la kupasua mawe, akiwatania madereva kwamba jangwa halina huruma lakini lina wateja.

Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1988, yeye na shemeji wakajaliwa mabinti wawili.

Karatasi niliyoandika jana inaruka kutoka hapo hadi ugonjwa. Naikunja.

Tarehe 9 Agosti 1994, saa nane mchana, vumbi likiwa limeifunga barabara, pikapu ya kaka ilimgonga mke wa fundi cherehani, akafa papo hapo, na kaka akafungwa miezi ishirini na sita. Aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Nilikimbilia kibandani kwake, barua ya ajira ya ualimu mfukoni, akaniambia, "Nenda nyumbani ukanawe uso. Gari ni langu." Nikaenda. Nikanawa.

Alipotoka mlimwita muuaji, na mabinti zake hawa wawili walipozomewa uwanjani, shuleni kwangu, niligonga kengele wanafunzi waingie darasani, nikafyata mkia.

Aliugua mapafu tangu Januari 2021, akafariki tarehe 17 Novemba, saa tatu asubuhi. Siku moja kabla nilimwambia nitasema ukweli. Akajibu, "Umechelewa, mdogo wangu, lakini sema."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea maji, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo. Shemeji, hata wewe alikuficha jambo hili. Mzee fundi cherehani, uliyekaa mstari wa pili, miaka ishirini na saba umemnyima mkono mtu asiye na kosa, na hilo nalo ni juu yangu. Sikuombi unisamehe leo. Mkuu wa kituo cha polisi, tukishamzika, utanikuta langoni mwa kituo chako.

Kaka, lala sasa. Mzigo wangu nimeupokea.