Miaka Ishirini na Sita ya Kumwambia Mgeni Bei ya Kweli

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa nane mchana, Mwalimu Nailantei Katoo atarudisha funguo za stoo ya vinywaji na kuondoka katika Chuo cha Hoteli cha Olkeri, hapa Kitengela, akiwa ametimiza miaka sitini. Chuoni ametumikia miaka kumi na mitano. Kabla ya hapo alihudumu miaka kumi na mmoja katika meli ya watalii iitwayo Serafina. Jumla ni miaka ishirini na sita ya kuuza mvinyo na kufundisha kuuuza, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumbebesha mtu chupa asiyoihitaji. Wako wanaodhani hiyo si sifa ya kumwandikia muuza mvinyo. Hao nao wakae mkao wa kusoma, kwa sababu tunaanzia hapo hapo.

Nailantei alizaliwa Entarara, karibu na Loitokitok, na kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kusafisha vibuyu vya maziwa vya mama yake. Kaa la moto la mti wa oloirien linatiwa ndani, kibuyu kinatikiswa hadi moshi uingie kila mahali, kisha majivu yanafutwa. Akiwa na miaka tisa aliweza kunusa kibuyu na kusema maziwa yake yatafika jioni au hayatafika. Pua hiyo ndiyo cheti chake cha kwanza, na hakuna chuo kilichomtunuku. Baadaye aliosha glasi katika hoteli moja ya Kajiado mjini, akapanda hadi kuhudumia meza, na alipofika miaka thelathini na minne aliwaacha watoto wake wawili kwa nyanya yao akaenda kutafuta kazi melini.

Wiki ya kwanza ndani ya Serafina alifanya kosa ambalo ni mtu wa vibuyu tu angeweza kulifanya. Alipewa meza ya wageni wanane na kuagizwa awauzie chupa iliyo juu kabisa kwenye orodha ya bei. Kabla ya kumimina alinusa mbili, ile ya juu kabisa na ile ya chini kabisa. Ya chini ilikuwa imelazwa katika pipa lililochomwa ndani, nayo ilinukia moshi. Kwetu sisi wengine moshi ni moshi. Kwa Nailantei, moshi maana yake ni kwamba chombo kimesafishwa na mtu anayejua kazi. Basi akawaambia wageni, kwa Kiingereza chake cha Kajiado na bila kupepesa jicho, kwamba ile ya bei kubwa haikusafishwa vizuri, wachukue hii ndogo. Wageni walidhani huo ni utaalamu wa hali ya juu. Waliinywa, wakaipenda, wakaiagiza tena kila jioni hadi safari ikaisha.

Wageni waliposhuka, msimamizi wake alimfokea mbele ya wenzake na kumweleza kwamba moshi ule ni wa pipa, hauna uhusiano wowote na usafi. Nailantei aliona haya siku mbili nzima. Siku ya tatu haya yakageuka swali. Kama watu wanane wazima, wenye hela zao, wameishi na chupa ya chini kwa wiki nzima kwa furaha, ile tofauti ya bei wangeilipia nini? Alimuuliza msimamizi, akamuuliza mkuu wa msimamizi, na wote wawili wakamrudisha kazini. Hapo ndipo kiburi chake kilipoanzia. Nakiita kiburi kwa sababu yeye mwenyewe hukiita hivyo, tena akitabasamu.

Kwa wasiowahi kupanda meli ya watalii, na katika chuo hiki sisi walimu ndio wengi, jambo lenyewe ni hili. Mgeni akishapanda hana duka la pili. Hawezi kusema ngoja nivuke barabara ya Namanga nione ng'ambo wanauza ngapi. Bei ni ile moja, na meli inajua. Lakini kila meli ina milango yake midogo, na Nailantei aliijua ya Serafina yote kama mtu anavyojua boma lake. Mgeni aliruhusiwa kupanda na chupa yake moja kutoka nyumbani. Akiifungulia mezani alitozwa ada, akiifungulia chumbani kwake hakutozwa kitu. Aliyenunua chupa saba kwa pamoja siku ya kwanza alilipa karibu nusu ya bei ya anayeagiza glasi moja moja kila jioni, na chupa isiyoisha ilifungwa kizibo, ikaandikwa namba ya chumba na kumngoja mwenyewe hadi kesho. Na siku mbili za mwisho, chupa zilizobaki zilishushwa bei ili zisirudi stoo. Yote haya yalikuwa yameandikwa, ila kwa herufi ndogo sana, na wahudumu waliombwa wasiyataje. Nailantei aliyataja kila jioni, meza baada ya meza, kwa miaka kumi na mmoja.

Mwaka wa mwisho walipanda mzee na mkewe, mfanyakazi mstaafu wa posta na mshonaji, wakisherehekea miaka hamsini ya ndoa. Walikuwa wameamua kuagiza glasi moja kila jioni na kuigawana, kwa sababu ndicho walichoweza. Nailantei aliwaonyesha chupa saba za chini kabisa kwenye orodha, ambazo kwa jumla hazikuzidi hela walizotenga. Wakanywa kila mtu glasi yake, hadi na za kuwakaribisha majirani wa meza. Msimamizi alipojua, alimwekea Nailantei karatasi mbele yake atie sahihi kwamba hatataja tena bei ya chini hadi mgeni aulize mwenyewe. Hakutia. Heri lawama kuliko fedheha. Wakamteremsha katika bandari iliyofuata na tiketi ya ndege ya kurudi Nairobi.

Alifika hapa Olkeri na mkoba mmoja na kizibuo chake. Wanafunzi walianza kumwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Wazazi ndio waliochelewa. Wachungaji wawili na akina mama wa kanisa lake mwenyewe walikuja kuuliza ni vipi mwanamke aliyeokoka anawafundisha watoto pombe. Aliwaketisha, akawaonjesha kwa kunusa tu, kisha akawaeleza kwa ufupi: "Mimi sinywi. Naonja, natema. Hata wazee wetu wakibariki mtu si wanatema?" Wale wa kanisa walicheka, na mmoja wao alimleta binti yake muhula uliofuata.

Si kwamba alikuwa mwepesi wa kuishi naye. Mwandishi wa maneno haya anafundisha mapishi, na kwa miaka sita mfululizo aliomba chupa moja ya kupikia nyama akanyimwa, eti ni kumtukana ng'ombe. Alikuwa akionja chai ya walimu na kumtaja kwa jina aliyeongeza maji. Na lile somo la Magadi hakuna atakayelisahau. Tulienda kuhudumia harusi, chupa zikaachwa ndani ya basi. Mvinyo uliopita Kona Baridi ukiwa mzima ulifika Magadi umeiva kwa joto. Bwana harusi alisema ni wa bei ghali, umiminwe hivyo hivyo. Yeyo alikataa, akatoa maji baridi na juisi ya maembe, akarudi Kitengela na chupa zote ili kila mwanafunzi anuse na ajue kitu ghali kilichoharibika kinanukaje.

Somo lake kuu lilikuwa Jumanne saa nne, chumba cha tatu. Liliitwa Kumshauri Mgeni, lakini wanafunzi waliliita Chupa ya Chini. Humo alifundisha kusoma orodha ya bei kuanzia chini kwenda juu, kupiga hesabu ya glasi dhidi ya chupa, na kumwambia mgeni ukweli kabla hajaagiza. Tuna msemo kwamba rahisi ni ghali, na kila mwaka mwanafunzi mmoja alijitia kuutaja. Yeyo alikuwa akimjibu: "Hiyo ni ya viatu. Mgeni ni mtu amesave miaka mingi ndio apande hiyo meli. Ukimficha bei ya chini, wewe si weita. Wewe ni mwizi ako na trei."

Nimeombwa, kwa upole, niishie hapo na kuruka moja kwa moja hadi kwenye shukrani. Sitaruka.

Mwezi wa Februari mwaka huu, wakala mmoja anayeajiri wahudumu wa meli aliandika kwamba atachukua wahitimu wetu arobaini kila mwaka, kwa sharti kwamba Chupa ya Chini iondolewe. Alisema somo hilo linaharibu biashara. Nafasi arobaini si mchezo katika mji ambao vijana wenye vyeti wanauza kadi za simu. Walimu tulikutana. Mkuu wetu wa Chuo, Bwana Wachira, hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na arobaini kichwani. Alimwambia: "Madam, umebakisha miezi tisa tu. Si uwachane nayo?"

Yeyo alijibu akiwa ameketi, na sauti yake haikupanda. "Bwana Wachira, mimi niliteremshwa meli juu ya hii maneno. Sasa nikiiachilia hapa Kitengela, huko niliteremkia nini?"

Hakuna aliyeinua mkono kulipigia somo kura ya kuondoka. Wakala akaenda na nafasi zake zote arobaini.

Sitadai kwamba lilikuwa jambo la kushangilia. Mzee Parsaoti, aliyeuza ng'ombe wawili kumlipia bintiye Seleyian karo, alifika getini asubuhi moja na hakukubali hata kuketi. Alimwambia Yeyo mbele yetu: "Wewe ulikula bahari miaka kumi na moja. Sasa msichana yangu ndio unafungia mlango?" Sijawahi kumwona Nailantei akipigwa na neno namna ile. Hakujitetea. Alisema, "Ndiyo, ni mimi. Nitatafuta mlango ingine. Nikikosa, nitakuja kwako nyumbani nikwambie nimekosa."

Kwa miezi mitatu alitumia kila mapumziko ya chai kuwaandikia wanafunzi wake wa zamani walio baharini. Wengi wao sasa ni wasimamizi, na hawakupanda cheo kwa kuficha bei. Walipanda kwa sababu wageni waliorudi mwaka wa pili waliwaulizia kwa majina, Chebet yuko wapi, Gakuru yuko wapi, yule aliyetuambia ukweli. Walizungumza na wakubwa wao. Meli tatu ndogo zikachukua watoto wetu tisa, na hakuna iliyouliza tunafundisha nini Jumanne. Seleyian alipanda mwezi wa Septemba. Katika wale thelathini na mmoja waliobaki, kumi na wanne wako kwenye hoteli za Kitengela na Kajiado, na kumi na saba bado wanangoja. Nawataja kwa sababu Yeyo huwataja kila siku, na orodha yao ndiyo kitu pekee anachokataa kukabidhi pamoja na funguo. Mzee Parsaoti hajarudi kuomba radhi. Yeyo naye hakumngoja, alimpelekea habari mwenyewe kwa miguu yake.

Sasa tumeambiwa kwamba kuanzia Januari, mwalimu akishaondoka, somo lake litaangaliwa upya. Tumekaa Olkeri muda wa kutosha kujua kwamba kinachoangaliwa upya huwa hakionekani tena. Wanasubiri mwenye ulimi aende Entarara ndipo wafute ubao. Wanadhani somo lilikuwa la mtu mmoja.

Mwalimu Nailantei, asante kwa pua yako na kwa ubishi wako. Asante kwa kila mgeni wa mbali aliyelala akijua hakunyonywa na mtu kutoka Kajiado. Tunakuombea ng'ombe wenye maziwa, magoti yasiyolalamika, wajukuu wanaosikia wakiitwa mara ya kwanza, na miaka mingi ya kutozwa bei ya haki popote utakapoketi.

Na nyumbani ukae bila wasiwasi. Ratiba ya Januari imebandikwa ofisini tangu jana. Jumanne, saa nne, chumba cha tatu: Kumshauri Mgeni. Nimeiandika mimi kwa kalamu ya wino, mwalimu wa somo ni mimi, na chini yake wametia sahihi walimu wote kumi na wanane. Anayetaka kuifuta tunamkaribisha. Aje tu mchana, sote tukiwa tumeketi.

Joram Nalianya
Idara ya Mapishi