Bi Masooma Kazim na Dua ya Jumamosi

Ifikapo tarehe 30 Juni 2024, Bi Masooma Kazim, Ofisa Usalama wa kiwanda chetu cha barafu na pweza hapa Kilindoni, anatimiza miaka ishirini na sita ya utumishi na kustaafu rasmi. Aliingia kama karani wa mizani. Anatoka akiwa mtu ambaye kila mmoja wetu, kabla ya kuvaa gambuti, humtafuta kwa macho kwanza. Sisi wa ufungashaji tumeombwa tumwandikie, na tumekubali haraka kabla idara nyingine hazijatuwahi.

Alizaliwa hapa hapa Kilindoni, katika familia ya wenye duka la vitambaa. Kaka zake walitarajia akae nao kaunta. Yeye akasema kupima vitambaa kunampa usingizi, akaja kwetu kupima pweza. Hapo ndipo wageni hucheka, maana miaka yote hii Bi Masooma hajaonja pweza hata kipande kimoja. Katika madhehebu yao haliwi. Tumemtania mpaka tumechoka wenyewe, naye hutujibu kwamba ndiyo sababu mizani yake haikupungukiwa hata siku moja.

Mwaka 2009 kampuni ilimpeleka Dar es Salaam kusomea mpango mpya wa kubaini vihatarishi vya kazi na kuvitathmini kabla havijamdhuru mtu. Alirudi na mabango yenye fuvu la kichwa na mifupa, akayabandika kila mlango. Kufika Jumatatu mabango hayapo, na chumba cha mashine kinanukia ubani. Pwani hii mtu hatamki balaa asubuhi halafu akaingia kazini ametulia. Akaitisha mkutano, akamtaka kila mmoja ataje kitu kinachoweza kumjeruhi mahali pake pa kazi. Watu wakainama wakaangalia vidole vya miguu. Hemedi, fundi wa mitambo ya amonia, gesi ya kugandishia barafu, ndiye aliyetusemea: "Hifadhi ya Bahari imeshatupangia nyavu, sasa ofisi inatupangia na ajali? Usituchurie, Bi Masooma."

Kumbe Hemedi ndiye aliyekuwa anamtia hofu kuliko sote. Alifanya kazi peke yake katika chumba chenye mlango mmoja, unaofunguka kwa ndani, na nje yake sisi tulipanga makreti matupu kama stoo yetu. Gesi ikivuja, mle ndani mtu hana pa kutokea. Bi Masooma alitaka mlango ubadilishwe. Meneja wetu, Bwana Azhar, hakukataa, ila alitaka kulisikia jambo hilo kutoka kwa fundi mwenyewe. Na fundi mwenyewe hataki kulitamka.

Mambo yakazidi kuharibika. Wiki ile ile kijana wetu aitwaye Jumanne, wa kusafisha pweza, aliteleza penye mfereji akavunjika mkono, na kiwanda kizima kikajua nani amemchuria. Bwana Azhar akamshauri Bi Masooma aurudishe mpango wake kabatini mpaka watu wasahau. Tulimhurumia, lakini hakuna aliyekaa naye kunywa chai.

Hata hivyo, tulipokwenda nyumbani kwao Kiegeani kumpa pole Jumanne, Bi Masooma naye alikuja, akakaa mkekani karibu na mlango. Mama yake Jumanne, Bi Kidawa, ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani, akainua mikono kutuombea dua. "Ya Rabbi, mkinge mwanangu na sakafu ile ya mferejini. Mkinge na visu vile vilivyolegea mipini. Wakinge na wenziwe, na mlango ule wa mashine unaozibwa na makreti." Kumbe kijana alikuwa anayasimulia yote nyumbani! Tukaitikia Amin kila mara, Hemedi akiwa wa kwanza na kwa sauti kubwa. Hakuna aliyesema neno uchuro. Bi Masooma alibaki ameinua mikono hata baada ya sisi kuishusha.

Jumamosi iliyofuata hakuitisha mkutano. Alituomba tusome Fatiha, kisha kila mmoja amwombe Mungu amkinge na kinachomtisha pale alipo. Ndimi zikafunguka. Tulisikia habari za ngazi iliyooza, waya uliochubuka, mapande ya barafu yanayoporomoka. Wenzetu wawili Wakristo kutoka bara waliomba kwa namna yao nasi tukawaitikia. Kila baada ya Amin yeye aliuliza swali moja tu: "Nani atalishughulikia?" Na jambo likikosa mtu, kazi ya sehemu hiyo haianzi. Zamu ya Hemedi ilipofika, alikohoa, akatazama dari, akauombea mlango wake. Bwana Azhar alikuwa amesimama pale pale. Akasema hilo ni lake.

Kabla ya mwaka kwisha mlango ule ulifunguka kwa nje, makreti yakahamishwa, na ukatobolewa mwingine upande wa gati. Msimu wa kusi, mwaka uliofuata, bomba la amonia lilipasuka jirani kabisa na mlango wa zamani. Tulikimbilia uwanjani macho yakituwasha, tukahesabiana, Hemedi hayupo. Bi Masooma alisimama akimwita kwa jina mpaka sauti ikamkauka. Hemedi akatokea upande wa gati, anatambaa, kitambaa kibichi usoni, mzima. Mwanamke huyu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti alilia mbele yetu sote, kisha akamgombeza vibaya sana kwa kuacha barakoa yake ukutani.

Tangu hapo mpango umeshika mizizi, na wakaguzi wanaotoka Dar es Salaam huondoka wakiuliza kwa nini huku kwetu mafunzo ya usalama yana ubani. Mabango nayo yamerudi. Siku hizi Hemedi mwenyewe huyafuta vumbi.

Jumamosi iliyopita Bi Masooma alituongoza kwa mara ya mwisho. Dua zilikwenda vizuri mpaka zikamfikia Hemedi. Akamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na Jumamosi zisizo na Bi Masooma. Tuliitikia, wengine kwa shida. Bi Masooma hakulegeza kanuni yake. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama kawaida yake nani atalishughulikia. Saa ya kazi ikapita, na kazi haikuanza. Kisha Hemedi akanyoosha mkono.

Ahsante, Bi Masooma, kwa kila mmoja wetu aliyerudi nyumbani mzima. Mungu akupe afya, na mapumziko yenye raha. Nenda bila wasiwasi; jambo lako limepata mtu.